Mahari Nyuma ya Pazia

Asubuhi ile aliyovua nguo nyeupe za eda, Istahil alimkuta fundi ukumbini mwake akipima madirisha.

Hakuwa mwizi, maskini ya Mungu. Alikuwa fundi wa watu, penseli sikioni, utepe wa kupimia mkononi, na salamu alizitoa kwa adabu zote. Lakini mwanamke aliyejifungia ndani tangu mumewe azikwe, asiyekanyaga hata dukani, hategemei kufungua mlango wa chumba chake akakuta mwanamume asiyemjua amesimama juu ya kiti chake, anaandika namba kwenye ukuta wake.

"Wewe nani alikutuma?" Kiswahili cha Istahil kilikuwa cha sokoni, cha kuuzia maziwa na kununulia nguo, lakini kwa fundi kilitosha.

"Mzee Siyad, mama. Anataka madirisha ya aluminiamu. Haya ya mbao anasema yang'olewe yote."

"Hii nyumba iko ya Siyad?"

Fundi akashuka kitini, akakifuta kwa kiganja mahali alipokanyaga. "Mimi ni mtu wa madirisha tu, mama. Ya wenyewe nitayajulia wapi?"

Siyad alikuwa mdogo wa marehemu Hirsi. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini Garissa, gari jeupe, na mazoea ya kusema "sisi familia" kila alipotaka kitu cha mtu. Istahil hakugombana na fundi. Alingoja akunje utepe wake, akamfungulia geti, akalifunga, kisha akampigia simu kaka yake, Bishar.

Bishar alifika kabla ya adhuhuri, kofia safi, ndevu zimetiwa hina. Alikuwa mwalimu wa madrasa, amewafundisha alifu nusu ya watoto wa mtaa ule, na neno lake msikitini lilisikilizwa. Roda, binti yake, alimletea chai. Roda alilelewa nyumba hii tangu mamake afariki. Istahil na Hirsi hawakujaliwa mtoto, wakampokea huyu kama wao. Sasa alikuwa mwalimu wa chekechea, na Istahil alimwita Eeddo tu, yaani shangazi. Siku hiyo aliweka birika mezani akaondoka bila kumtazama mtu.

"Abaayo, kwani Siyad hakukwambia?" Bishar alimuuliza dadake. "Amekwenda mahakama ya Kadhi. Ameomba kuwa msimamizi wa mirathi."

"Nikiwa ndani ya eda?"

"Kesi haingoji eda. Na wewe ungetokaje?"

"Huyo msimamizi ni nani hasa? Anafanya nini?"

"Ni kama mchungaji," Bishar akasema, akipuliza chai. "Mwenye mali akifa, mali haibaki bila mtu. Msimamizi anasimama mbele yake, anaikusanya, analipa madeni ya marehemu, halafu anawagawia warithi. Mchungaji hali mifugo ya watu, anailinda tu."

"Na mchungaji huyu ameshaanza kubadilisha madirisha?"

Bishar akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeulizwa jambo mbele ya wageni. Istahil hakucheka.

"Walaal, hii nyumba si mirathi. Unajua ni mahari yangu. Ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Alikuwepo kweli. Siku ya nikaha, kule Habaswein, Hirsi aliahidi mahari ya ngamia majike, na ngamia hao hawakuonekana kwa sababu Hirsi mwenyewe wakati huo hakuwa na hata mbuzi wa kuchinja. Istahil hakuwahi kumdai. Baadaye, biashara ya mifugo iliposhika, Hirsi akanunua kiwanja hiki nyuma ya soko, akajenga, na siku ya kuhamia akamwambia mkewe mbele ya Bishar: ngamia wako ndio hii nyumba, nimekulipa. Ila hati ya kiwanja ikabaki kwa jina la Hirsi. Kila mwaka alisema ataenda ofisi ya ardhi kuibadilisha, na kila mwaka kulikuwa na mnada mahali.

"Basi utamwambia Kadhi?" Istahil akauliza.

"Nitasema ukweli, abaayo. Mbele ya Kadhi mtu atasema nini tena?"

Akamalizia chai yake, akamwombea dua marehemu, akaondoka. Istahil akaona moyo umetulia. Kaka ni kaka, alijiambia, na akaingia jikoni kumuuliza Roda mbona siku hizi hali.

*

Siku ya kesi, benchi la nje ya mahakama lilikuwa limejaa. Karani alimwita Istahil dirishani, akafungua faili.

"Wewe ni nani kwa marehemu?"

"Bibi yake."

"Wa ngapi?"

"Bibi. Moja tu."

"Watoto?"

Istahil akasita. "Hakuna."

"Watoto hakuna," karani akasema kwa sauti huku akiandika, na benchi zima likasikia. Wanawake wawili waligeuka kumtazama kwa huruma, huruma ile ambayo mtu akipewa hutamani aipanguse usoni. Istahil akarudi kukaa.

Siyad alifika na soda baridi. Aliwagawia wazee aliokuja nao, akampa Bishar, akamletea na Istahil. "Kunywa, dada. Sisi ni familia, haya ni mambo ya serikali tu." Istahil aliishika chupa, hakuifungua. Roda alikuwa ameketi mwisho wa benchi, simu mkononi. Bishar alikaa ubavuni mwa Siyad, na Istahil hakuona ajabu. Wanaume hukaa na wanaume.

Kadhi alikuwa mtu wa pwani, mpole wa sauti, na Kiswahili chake kilitiririka hata Istahil akawa anakamata neno moja na kupoteza mawili. Karani alisimama kando kutafsiri palipohitajika. Kadhi akaanza kwa kuwaeleza utaratibu. Mali ya maiti, alisema, hutolewa kwanza gharama za mazishi, kisha madeni yake, kisha wosia kama aliuacha, na kinachobaki ndiyo mirathi. Akauliza kama marehemu aliacha wosia, au alimteua mtu yeyote awe wasii wake.

"Hakuacha wosia," akasema Siyad. "Na wasii hakumtaja. Ndiyo maana mimi naomba usimamizi. Warithi ni wawili tu: mimi ndugu yake, na huyu mjane. Yeye ana robo yake, sisi familia hatumnyimi. Mali ni ngamia walioko Hadado, na hii nyumba ya hapa Garissa."

Istahil akasimama kabla hajaitwa.

"Kadhi, mimi nataka kusema bole bole. Ngamia, sawa, hiyo iko mirathi. Nyumba hapana. Nyumba iko mahari yangu. Hirsi alisema mbele ya kaka yangu. Huyu hapa, uliza yeye."

Kadhi akamtazama Bishar. Bishar akasimama, akaapa, akasema kwa sauti yake ile ya kufundishia.

"Ni kweli. Hirsi alisema nyumba ni mahari ya dada yangu. Mimi nilisikia kwa masikio yangu."

Istahil akashusha pumzi. Hata chupa ya soda akaiweka chini.

"Lakini hati ni ya marehemu," Kadhi akasema, akipekua faili. "Haikuhamishwa. Kwa hivyo mahari ilikuwa bado deni juu yake, hadi anakufa."

"Ilikuwa deni," Bishar akakubali. "Na dada yangu akalisamehe. Siku ya tatu ya msiba, mbele ya watu wote. Alisema amemsamehe marehemu na deni lolote. Alisema hamdai kitu, duniani wala akhera. Mimi nilikuwepo. Siyad alikuwepo. Hawa wazee walikuwepo."

Wazee wakatikisa vichwa. Walikuwepo, na walikuwa wanasema kweli.

Karani alipomaliza kutafsiri, Istahil alikuwa bado amesimama.

*

Ilikuwa hivi. Siku ya tatu, wanaume walikaa uani chini ya turubai, wanawake ndani, na kati yao pazia mlangoni. Baada ya Kurani kusomwa, Siyad alisogea hadi kwenye pazia, akaita kama desturi ilivyo: "Istahil, mtu wetu ameondoka. Tunakuomba umsamehe."

Hakuna mjane anayeulizwa hivyo akajibu vingine. Kwa Kisomali neno ni moja tu, la kosa na la deni, na siku ya msiba hakuna anayeuliza unasamehe nini. Unasamehe. Istahil akajibu kwa machozi: "Nimemsamehe."

Ndipo akasikia sauti ya Bishar, karibu kabisa na kitambaa, sauti ya chini, ya upendo. "Sema na deni lolote, abaayo. Usimwachie kitu cha kumshika kaburini."

Naye akasema. "Na deni lolote. Simdai kitu, duniani wala akhera." Wanawake wakalia, wazee wakaitikia amin, na Roda, aliyekuwa amemkumbatia mabegani, akalia kuliko wote. Istahil alilala siku ile akiamini amempa mumewe zawadi ya mwisho. Alijiona mke mwema. Hilo ndilo lililomuuma sasa kuliko madirisha, kwamba walikuja kumwibia kwa kumpitia Hirsi, na yeye akawafungulia mlango akilia.

*

"Ni kweli ulisema hivyo, mama?" Kadhi akauliza.

"Nilisema."

"Nani alikuambia useme deni?"

"Bishar. Alisema nyuma ya pazia, bole bole, watu wengine hapana sikia."

Kadhi akamgeukia Bishar. Bishar akaangalia sakafu, kisha ukuta, kisha akasema: "Mimi sikumwambia neno. Alisema mwenyewe."

Ukumbini mtu alikohoa. Istahil alimtazama kaka yake, mtu aliyembeba mgongoni kuvuka lagha, korongo lililojaa maji ya mvua, alipokuwa mdogo, na kwa mara ya kwanza maishani akaona kwamba anaweza kusema uongo bila hata kubadilisha sauti.

"Ndani, nani alikuwa karibu nawe?" Kadhi akauliza.

"Roda!" Istahil akasema, na jina likatoka kama kwamba amelipata njiani. "Alinishika hapa. Pazia iko hapa. Roda alisikia."

Roda akaitwa. Alisimama, shela yake imeshikwa kidevuni kwa vidole viwili. Kadhi alimuuliza jina, kisha akamuuliza swali ambalo huulizwa kila shahidi: ana uhusiano gani na wenye kesi.

"Bishar ni baba yangu. Huyu ni shangazi yangu, amenilea."

"Na Mzee Siyad?"

Roda akaivuta shela yake karibu zaidi.

"Una uhusiano wowote naye, binti?"

"Nimeposwa na mtoto wake. Abdimalik."

Istahil hakuhitaji karani. Kiswahili cha posa alikijua. Akahesabu kwa moyo wake, bila kutaka, ni nani aliyejibu posa, nani aliyekula chakula cha posa, na wapi. Msichana alilala chumba cha pili kutoka chake, wakila sahani moja, na jambo limepangwa na kukubaliwa yeye akiwa kwenye nguo nyeupe. Hakuna aliyebisha hodi kumwambia. Na hapo hapo akaelewa yale madirisha yalikuwa ya nani.

"Basi niambie," Kadhi akasema taratibu. "Siku ile, ulimsikia baba yako akimwambia shangazi yako aseme neno la deni?"

Roda alimtazama babake. Babake hakumtazama.

"Sikusikia," Roda akasema.

Uongo wa Bishar ulikuwa umempiga Istahil kifuani. Huu haukumpiga popote. Ulimwacha baridi tu, kama mtu aliyeambiwa kuna mwingine amekufa nyumbani na bado hajajua ni nani.

Kadhi akavua miwani. "Mama Istahil, shahidi wa pazia huna. Lakini mtu akisamehe, nia yake anaijua mwenyewe na Mola wake. Nataka unifahamishe jambo moja. Siku ile, ulimsamehe makosa yake, au ulikusudia kumwachia mahari yako? Kama hukukusudia mahari, nitakuapisha, na nitakiamini kiapo chako. Lakini ujue maana yake. Ukiapa, unasema marehemu alikufa akiwa na deni lako."

Karani alitafsiri neno kwa neno. Kabla hajamaliza, Siyad alikuwa ameshasimama, na sasa alisema Kisomali ili kila mtu wa benchi amsikie.

"Istahil, muogope Allah! Ulimsamehe mtu mbele ya waumini. Leo unamfuata kaburini kumdai? Kwa ajili ya mawe na mabati?"

Hapo ndipo palipokuwa na mtego wenyewe, na Istahil aliuona wote. Hawakutegemea mashahidi. Walitegemea aibu yake. Walijua hakuna mwanamke wa nyumba njema atakayesimama mahakamani aseme mumewe amelala kaburini na deni lake. Wanawake wa benchi walikuwa wanamtazama, na sasa huruma ilikuwa imepungua. Alimkasirikia Siyad, alimkasirikia Bishar, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, alimkasirikia hata Hirsi. Mnada wa Modogashe uliwezekana kila wiki, ofisi ya ardhi iliyoko mtaa wa pili haikuwezekana mpaka kifo?

"Kadhi," akasema mwishowe, kwa Kiswahili, kwa sababu hakutaka karani ayaguse haya. "Mimi nauliza. Hiyo deni ikilipwa, na mali ya yeye mwenyewe. Inamshika tena?"

"Ikilipwa imekwisha, mama. Haimshiki."

"Na kusamehewa ni bora kuliko kulipa?"

Kadhi akafikiri. "Kusamehe kuna ujira mkubwa. Lakini deni lililolipwa halina ubishi kama huu."

Istahil akasogea mbele. Akaletewa msahafu. Kiapo alikitoa kwa Kisomali.

"Wallahi, nilipomsamehe Hirsi nilimsamehe ya mume na mke. Hasira, safari, maneno, na mtoto ambaye hatukumpata. Nyumba sikuitaja wala sikuifikiria. Namdai Hirsi mahari yangu. Mlipieni, apumzike."

Maneno "namdai Hirsi" yalimuuma kuyasema kuliko alivyotarajia. Mmoja wa wazee akaguna "Subhanallah" na kutoka nje. Istahil alirudi kukaa benchini, na mwanamke wa karibu naye akasogea kidogo upande wa pili.

*

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata. Mahari ni deni, na deni hutangulia mirathi; nyumba ihamishwe kwa jina la mjane. Usimamizi wa mali iliyobaki wapewe wawili, Siyad na Istahil kwa pamoja, na asiuze mmoja bila mwenziwe. Siyad hakungoja mpaka mwisho. Aliwasha gari lake jeupe Kadhi akiwa bado anasoma.

Bishar alimngoja dadake getini. Ndevu zile za hina siku hiyo zilionekana za mtu mwingine.

"Abaayo, nielewe. Siyad alisema bila nyumba hakuna harusi. Mimi ni baba wa msichana, mwalimu wa madrasa, nina nini? Na wewe usingefukuzwa. Ungekaa mle mle, na mtoto wako, chumba cha nyuma."

"Chumba cha nyuma," Istahil akarudia.

"Ningefanya nini?"

"Ungeniomba." Alisema bila kupaza sauti. "Nina vyumba vinne, Bishar, na sina mtoto mwingine. Ungekuja mchana, ukanywa chai yangu, ukaniomba. Ningewapa vitatu."

Istahil akampita.

Nyumbani alimkuta Roda ukumbini. Begi lilikuwa limefungwa, na lingine la nguo za kitanda liko mlangoni. Kumbe harusi haikuvunjika. Siyad alikuwa amekodi nyumba upande wa pili wa mji, vyumba viwili, na siku ilikuwa imeshapangwa. Macho ya Roda yalikuwa mekundu. Istahil alitamani kumwambia anawe uso, mazoea ya miaka yote, akajizuia.

"Eeddo," Roda akasema. "Nilisikia. Siku ile, nilisikia kila neno."

"Najua ulisikia."

"Baba alisema nikisema, yeye ndiye atakuwa mwongo mbele ya watu."

"Najua."

Nje mtu alipita akiwaswaga mbuzi kwenda sokoni.

"Utakuja harusini?" Roda akauliza. "Mama sina. Nani atakaa na mimi ndani?"

Kwa miaka Istahil alikuwa ameipanga siku hiyo kichwani. Alijua atamtia hina ya namna gani, atamfukizia ubani gani, na ataimba nini na wanawake wenzake. Sasa alitafuta yote hayo moyoni, akakuta mahali pake pako lakini pamefungwa.

"Nitakuja," akasema. "Nitakaa na wageni."

Roda akalia, safari hii bila kumkumbatia mtu. Akafuta uso kwa ncha ya shela, akabeba begi moja, akarudi kuchukua la pili. Alipofika getini Istahil alimwita kwa jina, na msichana akageuka haraka, uso wote umefunguka kwa matumaini.

"Mahari yako," Istahil akamwambia, "chukua mkononi. Siku hiyo hiyo, mbele ya watu. Wakikwambia itabaki kwanza, kataa."

"Ndiyo, Eeddo."

"Hata akisema baba yako."

Roda akaitika kwa kichwa. Istahil alisimama mpaka msichana alipopata pikipiki ya kubeba mizigo, kisha akafunga geti kwa ndani.